Pepo Asiyejua Siku Yake

Jumapili iliyopita mama wa mwenzetu mmoja alikuja bwenini kumtazama mwanawe, akaning'iniza buibui lake kwenye msumari ulio karibu na kitanda changu. Buibui lilikuwa limefukizwa udi. Si ule udi wa kununua dukani, bali ule wa kupikwa nyumbani kwa sukari, ambao kila nyumba ina mapishi yake na hakuna anayemwambia jirani. Nilikuwa nimeketi na soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Harufu ilinifikia kabla sijajua ni nini, na nikajikuta nimefumba macho na mashavu yamejaa upepo, kama mtu anayetaka kupuliza moto. Msichana wa kitanda cha juu aliniuliza kama ninaumwa na jino.

Jioni ya siku hiyo hiyo, tukila maharage, wenzangu wakaanza kubishana. Mmoja alisoma gazetini kwamba wataalamu wanafikiri ipo siku mtu ataweza kwenda wakati ambao haujafika, au kurudi ule uliokwisha pita. Mwengine akasema hilo haliwezekani, kwa sababu kama lingewezekana tungekwisha kuwaona wageni wa huko mbele wakitembea Mombasa wakishangaa viatu vyetu. Wa tatu akasema wageni hao pengine wapo, na mwalimu wetu wa jiografia ni mmoja wao. Tulicheka sana. Kisha wakanigeukia.

"Na wewe Zena, wasemaje?"

Nikasema, "Mimi sijui," nikainamia sahani yangu. Ndivyo nilivyo, nikitazamwa na watu zaidi ya wawili maneno hunikimbia. Lakini nyinyi mnaosoma hapa hamnitazami, kwa hiyo nitasema. Nilikuwa najua. Katika umri wa miaka minane na tisa mimi nilikuwa msafiri wa wakati, tena mzoefu, na watu wawili wa nyumbani kwetu waliniona nikiondoka na nikirudi.

Nililelewa Amu, yaani Lamu, na nyanya yangu mzaa mama, Bi Somoe. Wazazi wangu walikuwa huku Mombasa, baba akifanya kazi bandarini. Katika nyumba ile ya kuta nene tulikuwa watatu tu: Nyanya, mimi, na binamu yangu Athmani, aliyenizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Uhuru ulikuwa bado haujaja, ingawa watu wazima walikuwa hawazungumzi lingine. Sisi watoto tulikuwa na mambo yetu.

Inanipasa kwanza niwaeleze habari ya siku zetu, hasa wale walio wa bara, maana bila ya hilo hamtaelewa kitu. Kwetu Amu siku haianzi asubuhi wala haianzi usiku wa manane. Huanza jua likitua. Alhamisi ikiadhiniwa magharibi, Alhamisi imekwisha, na giza linaloingia ni usiku wa Ijumaa. Nyanya alikuwa akiutukuza usiku huo. Husoma Yasini, halafu hufukiza nyumba nzima, ukumbini, vyumbani, mpaka ngazini, na nguo zote za heshima.

Skuli nako mwalimu wetu wa kike kutoka bara alitufundisha kwamba siku huanza saa sita ya usiku. Mimi nilikuwa mtoto wa kuamini kila aliyenizidi umri, basi niliwaamini wote wawili. Nikapiga hesabu nikaona kwamba Alhamisi baada ya magharibi, kwetu ni Ijumaa tayari, na kwa Mwalimu, kupita soko kidogo tu, ni Alhamisi bado. Nilimweleza Athmani kwamba mtu akitoka kwetu wakati ule akaenda kwa Mwalimu kuazima chumvi, atakuwa amekwenda jana, na akirudi na chumvi yake atakuwa amerudi kesho. Athmani aliwaza sana, kisha akauliza, "Na hiyo chumvi yenyewe itakuwa ya lini?"

Mnaona basi. Safari zilipoanza zilinikuta nimekwisha jitayarisha.

Kazi yangu usiku wa Ijumaa ilikuwa kuwasha chetezo, kile chombo cha kufukizia udi. Wakati wa kusi makaa hushika unyevu, hayakubali moto kwa urahisi, na kipepeo cha kupepea moto kilikatazwa. Nyanya alikuwa akisema, "Chetezo hakipepewi, mwanangu. Jivu litarukia nguo. Puliza." Basi nilikuwa nachutama, nakiweka chetezo mbele ya magoti, napuliza. Pumzi ndefu, tena ndefu, tena ndefu, mpaka makaa yageuke kutoka kijivu yawe mekundu na udi uanze kulia chwii juu yake.

Siku ya kwanza, Athmani alikuwa ameketi ngazini mbali na mimi, mikono mitupu. Nilipuliza. Kufumba na kufumbua, Athmani alikuwa yuko mbele yangu, anatafuna, na kitumbua changu nilichokiweka kwenye kisahani hakipo. Sikuona giza wala kizunguzungu, hakuna kilichoniuma. Ilikuwa kama kurasa mbili za kitabu zilizogandana: unasoma mpaka chini ya ukurasa, unafunua, na unakuta hadithi imesonga mbele na watu wameshahama walipokuwa.

"Umefikaje hapa?" nikamuuliza.

"Kwa miguu," akasema. Halafu akanitazama vizuri. "Zena, wewe hukuwapo. Nimekuita hukuitika. Nimechukua kitumbua chako mbele ya mato yako, nimekila, hukuninyang'anya!"

Mato kwetu ni macho. Huo kwake ulikuwa ushahidi usiopingika. Zena asiyegombania kitumbua si Zena aliyepo. Tukakubaliana hapo hapo kwamba nilikuwa nimeruka, nimeiacha ile dakika nyuma nikaangukia dakika ya mbele, na mwili wangu nikauacha pale pale kama watu wanavyoacha viatu mlangoni mwa msikiti.

Baadaye nilianza kuruka hata mahali pengine, skuli mara moja moja, chuoni nikisoma Kurani kwa sauti, lakini kwenye chetezo ilikuwa karibu kila wiki. Athmani akanipa jina la Bi Kesho, na akaanza kunitaka habari. "Bi Kesho, umeona nini huko?" Mimi sikupenda kusema uongo, na ukweli ni kwamba huko sikuona chochote, lakini kumnyima kabisa sikuweza. Nikamwambia kesho tutakula samaki. Tukala samaki. Athmani alishangaa, na mimi pia nilishangaa kidogo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba Amu samaki huliwa kila siku. Wiki nyingine nikamwambia punda atalia alfajiri. Punda akalia. Alitaka pia nirudi nyuma, mpaka siku tiara yake ilipokatika uzi ikaenda kutua juu ya paa la ngome, nimwonye asiirushe. Nikamweleza kwamba mimi naenda upande mmoja tu.

Mtaniuliza kama niliogopa. Kusema kweli, nilipenda. Mtoto mwenye haya hana pa kukimbilia. Kila pahali pana watu na kila mtu ana macho. Mimi nilikuwa na mlango wangu mdogo ambao hakuna aliyejua kuufungua. Nilipoitwa nisome mbele ya darasa nilikuwa naomba moyoni niruke, niangukie pale ambapo nimekwisha soma na nimekwisha rudi kuketi. Haikutokea hata siku moja kwa kuomba.

Halafu Nyanya akaona. Jioni moja nilikuwa napuliza, na alipokuja na kijaluba cha udi akanikuta nimetulia, macho yako wazi lakini hayatazami, kope zinachezacheza, na ncha ya leso yangu imeangukia kwenye makaa inatoa moshi. Mimi nilichokiona ni leso yangu iko sakafuni imelowa maji, Athmani kashika kata, na Nyanya kanishika mabega, midomo yake wazi kama mtu aliyekatizwa neno.

Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Kesho yake alimwita fundi mmoja wa pepo kutoka Shela, mama mnene mwenye sauti nzito na macho ya upole. Huyo mama alinitazama, akanigusa utosi, akauliza maswali mawili tu: ni usiku gani, na kuna harufu gani. Nyanya akajibu: usiku wa Ijumaa, na udi. Yule mama akashusha pumzi kama mtu aliyeulizwa jambo rahisi mno. "Huyu ana mwenyewe," akasema. "Mwenyewe anapenda udi, akiusikia huja. Huyu mtoto ni kiti chake."

Kwetu pepo huitwa mwenyewe, na yule anayepandwa naye huitwa kiti. Mimi sikupenda. Kutoka msafiri wa wakati nikawa kiti, kwa asubuhi moja! Athmani alinizunguka mara mbili akauliza kama sasa anaweza kunikalia. Nyanya akamtupia kiatu.

Fundi alisema nitapigiwa ngoma, mwenyewe aulizwe anataka nini, apewe, atulie. Hayo sikuyajali sana. Lakini kabla ya kuondoka aliongeza neno moja. Mpaka ngoma ipigwe nisiende skuli, kwa sababu kengele ya skuli humshtua mwenyewe.

Hapo dunia yangu ikasimama. Wasichana tuliokuwa katika skuli ile tulikuwa wachache, na kila nafasi ilikuwa na anayeingojea nje. Mwalimu alipoona siji alileta salamu: likizo ikiisha na mimi sijarudi, dawati langu atapewa mwengine. Na ngoma haikuwa ya karibu. Kulikuwa na mbuzi wa kutafutwa, nguo nyeupe za kushonwa, jamaa wa Pate wa kungojewa. Mimi, ambaye mbele ya watu nilikuwa siwezi kutaja jina langu, nilikuwa napenda skuli kuliko kitu chochote. Kitabu hakikutazami.

"Nyanya, skuli hakuna udi," nikamwambia.

"Kuna kengele."

"Nitaziba masikio."

"Na ndiani? Nikuwate upite ndia nzima peke yako, punda hawa, mitaro hii, nawe mato yamesimama kama ya samaki? Hwendi, Zena. Usiniulize tena."

Nililia chumbani mpaka Athmani akaniletea kitumbua chake mwenyewe, na kwa Athmani hilo lilikuwa jambo kubwa.

Wiki hiyo Athmani alikatwa mguu na gamba la chaza, akawa anakwenda hospitali kufungwa kitambaa. Aliyekuwa akimfunga ni Bwana Musyoka, mtu wa bara, mrefu, mwenye soksi zinazofika magotini. Mji mzima ulimwita daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akisema yeye si daktari kamili. Athmani alikuwa na desturi ya kuzungumza ili asilie. Siku ile dawa ilipomchoma sana, alitoa siri kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

"Mimi nina binamu yangu huenda kesho akarudi," akasema.

"Huenda wapi?" daktari akauliza, anaendelea kufunga.

"Kesho. Hukaa dakika hivi, akarudi."

Alinieleza baadaye kwamba daktari aliacha kufunga.

"Akienda huanguka?"

"La. Hutulia tu. Mato huwa wazi."

"Hurusha mikono? Hutoa povu? Hujikojolea?"

"Nani, Bi Kesho?" Athmani alichukizwa kwa niaba yangu. "Haya yote hafanyi!"

"Na akirudi huwa amechoka, anataka kulala?"

"Akirudi huuliza kitumbua chake kiko wapi."

Daktari akafikiri, akauliza jambo hili hutokea lini. Athmani akajibu, kama ambavyo mtoto yeyote wa Amu angejibu, "Usiku wa Ijumaa, udi ukifukizwa." Daktari akasema vyema, usiku wa Ijumaa atakuja kutuamkia.

Na kweli akaja. Ijumaa, baada ya sala ya isha, tulisikia hodi, akaingia na mkoba wake na soksi zake, akavua viatu, akaketi ukumbini. Nyanya, aliyejifunika vizuri, hakujua hata kidogo kwa nini amekuja, lakini mgeni ni mgeni. Kahawa ikaletwa, halua ikaletwa. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la mlango, jicho moja nje.

Yalikuwa maongezi ya ajabu. Daktari alikuwa akisema neno moja, kisha ananusa. Anasema jingine, anatazama pembeni kana kwamba kuna kitu kinachelewa. Nyanya naye alikuwa akingojea aseme haja yake, na kwa heshima hakuuliza. Walizungumza habari ya mvua za Ukambani. Walizungumza habari ya mguu wa Athmani mpaka mguu ukaisha maneno. Halua ilikuwa inapungua, ingawa si kwa mkono wa daktari. Mwisho yule bwana akashindwa.

"Bi Somoe, samahani. Udi mtafukiza saa ngapi?"

"Udi?" Nyanya akasema. "Udi tushafukiza yana."

"Jana? Niliambiwa ni usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo, bwana. Usiku wa Ijumaa ulikuwa yana. Usiku huu ni wa Jumamosi."

Daktari alimtazama Nyanya, akatazama dirishani kama atauona usiku umeandikwa jina. Athmani hakuweza kujizuia. "Daktari amekuja kesho yake!" akapiga kelele. "Bi Kesho, umepata mwenzio!"

Nyanya alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Daktari naye alicheka mpaka akafuta macho. "Miaka miwili nipo Amu," akasema, "na leo ndiyo nimejua kwa nini kila nikialikwa karamu usiku, nikifika nakuta masufuria yanaoshwa." Mimi nyuma ya pazia nilicheka kwa sauti, nikasikiwa, nikaitwa nje.

Kicheko kilipopoa Nyanya alikuwa amekwisha elewa mgeni amefuata nini, na mgongo wake ukanyooka. "Bwana Daktari, nakushukuru kwa kuya. Lakini kijana huyu si mgonjwa. Ana mwenyewe. Akisikia udi humjia."

"Sawa, mama," daktari akasema. "Sina ubishi. Niambie jambo moja tu. Udi ukifukizwa, yeye huwa anafanya kazi gani?"

"Hupuliza makaa."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Chetezo hakipepewi."

Daktari akaweka kikombe chini. Akamwomba Athmani ukurasa wa daftari, Athmani akakimbia kuuchana kwenye daftari langu bila ya kuniuliza. Daktari akaushika kwa ncha za vidole mbele ya uso wangu, akasema kwa sauti ya chini, kama wawili tu ndio tuliopo, "Mwanangu, puliza karatasi hii isimame. Usiache mpaka nikuambie."

Niliona haya, lakini nikapuliza. Karatasi ikainuka, ikatetemeka. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Nyuma yake niliona safu ndefu ya hesabu zangu za kuzidisha, na kosa moja lililopigwa alama nyekundu. Nikapuliza tena. Vidole vyangu vilianza kuwasha kama vina sisimizi. Nikapuliza tena.

Karatasi ilikuwa iko mapajani mwangu. Daktari alikuwa amechutama, ameshika saa yake. Nyanya alikuwa ubavuni mwangu, na sikumwona akiinuka. Sahani ya halua ilikuwa tupu.

"Umerudi?" daktari akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza hivyo.

Akamgeukia Nyanya akamweleza taratibu, na mimi nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalinihusu na nilikuwa nimekatazwa kuondoka. Alisema jicho la mtu hupepesa, likafumba kidogo na kufumbua, na mwenyewe hana habari. Ubongo wangu nao unapepesa. Ukipepesa, mimi sioni wala sisikii, na ukifumbua naendelea nilipoachia. Mtoto wa namna hii akipuliza sana, pumzi zikaenda mbio, ubongo hupepesa upesi zaidi. Udi haukuwa na neno. Ni kupuliza.

"Pepo, pepesa," Nyanya akasema polepole. "Si ndugu hao?"

"Wanafanana majina tu, mama."

Nyanya aliichukua ile karatasi mapajani mwangu, akaikunja, akaikunjua. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, nikijua kwamba dawati langu limo ndani ya hiyo mikono. Daktari hakumharakisha. Nafikiri mpaka leo kwamba kama angeongeza neno moja, angeharibu.

"Pepo wa udi nawajua tangu siyaolewa," Nyanya akasema mwisho. "Pepo ana usiku wake, ana harufu yake, ana adabu yake. Huyu ameya usiku wa Jumamosi. Udi haupo. Ameitwa kwa karatasi ya skuli, mbele ya mwanamume mgeni, naye akaya!" Akatikisa kichwa kwa dharau. "Pepo asojua siku yake! La, bwana. Huyu si pepo."

Kumbe kosa la daktari la kuja siku siyo ndilo lililoniokoa. Angekuja siku yenyewe, angenikuta kwenye moshi wa udi, usiku wa Ijumaa, na hakuna mtu Amu nzima ambaye angeweza kumwambia Nyanya kwamba mwenyewe hakuja.

Akauliza maswali yake moja baada ya jingine. Dawa ipo? Vidonge vitaagizwa Mombasa. Itamwisha? Wengi huwaisha wakikua. Moto? Asikaribie, wala asioge baharini peke yake. Kengele? Kengele haina neno.

"Na ndiani?"

"Awe na mwenzake," daktari akasema.

Nyanya akageuza kichwa akamtazama Athmani, ambaye alikuwa analamba vidole vya halua na hakujua kwamba wakati ule ule maisha yake yamepangwa. Tangu hapo alinisindikiza kwenda na kurudi, na chetezo kikawa chake kukipuliza. Alilalamika mwaka mzima. Fundi wa Shela alipelekewa salamu na sahani ya halua mpya ili moyo wake usivunjike. Alijibu kwamba kama mwenyewe hayupo ngoma haina wa kuchezewa, lakini ikiwa mbuzi amekwisha patikana, yeye atakuja kumla. Akaja. Tulimla pamoja.

Nilirudi kwenye dawati langu likizo ilipoisha. Vidonge vilikuwa vichungu, na safari zikapungua, zikawa za nadra, mwisho sikwenda tena. Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu: nilizililia. Siku ya kwanza niliyokaa darasani kuanzia kengele hadi kengele bila ya kuruka hata mara moja, nilichoka kama mtu aliyetoka Shela na mzigo kichwani. Nilikuwa sijui kwamba hesabu za kugawanya ni ndefu vile.

Mwaka huu, katika kitabu kikubwa cha maktaba ya skuli, nimekutana na jina la ule ugonjwa. Ni kifafa, cha aina ndogo, kisichoangusha. Nikaelewa kwa nini Bwana Musyoka jioni ile alisema kupepesa, wala hakutamka lile neno jingine, si siku ile wala baadaye. Neno lile lingetoka nyumbani kwetu likafika sokoni kabla yake, na nani angekubali mwanawe aketi dawati moja na mimi? Nafikiri hata Nyanya alilijua, akaamua kutoliuliza.

Basi jibu nililowanyima wenzangu bwenini ndilo hili: sikuwahi kwenda popote. Kesho yangu ilikuwa ikinifikia saa ile ile iliyowafikia watu wote. Dakika zile sikuziruka. Zilipita, isipokuwa mimi ndiye sikuwa na habari nazo, na wengine walikuwa nazo.

Likizo iliyopita nilimuuliza Athmani. Sasa ana masharubu anayoyapaka mafuta, na hasemi tena sana kama zamani. Nilitaka kujua ni nini kilikuwa kikitokea katika zile dakika ambazo mimi sinazo.

"Hakuna," akasema. "Wewe hukaa. Nyanya huzungumza nawe."

"Huzungumza nami nini? Mimi si nilikuwa sisikii?"

"Husikii. Lakini alikuwa akikushika mkono, akikwambia. 'Zena, tupo ukumbini. Usiku wa Ijumaa huu. Athmani yupo, anakula. Mkono huu ni wangu. Rudi pole pole.' Hivyo hivyo, tena na tena, mpaka urudi. Ukirudi hunyamaza."

"Kabla ya daktari au baada?"

"Tangu siku ile ya leso. Hata alipodhani una mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa miaka yote hii nikidhani Nyanya aliogopa pepo, au aliogopa kengele, au hakupenda mtoto wa kike asome. Kumbe aliogopa niende mahali ambapo hakuna atakayeniambia nipo wapi na ni siku gani. Daktari aliposema awe na mwenzake, mengine yote alikuwa amekwisha yakubali. Alikuwa akingojea hilo.

"Na ndiani?" nikamuuliza Athmani. "Nilipokuwa nawe, ikinipata, ulikuwa ukifanya nini?"

Alivuta masharubu yake. Aliona haya, Athmani yule!

"Nyanya aliniagiza," akasema. "Nilikuwa nakwambia vile vile. 'Zena, tupo sokoni. Leo Jumatatu. Hapa mbele kuna mavi ya punda, inua mguu.'"

"Nikainua?"

"Ukainua."